SOMO: KUREJEA NI SEHEMU YA SAFARI YA ELIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, na wewe mzazi unayesoma pamoja naye, somo letu linahusu wiki za mwisho za safari ya masomo. Juu ya kuondoka tumekwisha ambiwa mengi: tafuta elimu, funga mzigo, omba dua. Juu ya kurejea tunaambiwa machache, na huko ndiko vijana wengi wanakoteleza.

Usiku mmoja, yapata saa nne, simu yangu iliita. Alikuwa mwanafunzi wetu aliyekwenda Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kule kwake ilikuwa saa nane mchana. Baada ya salamu alisema: "Ustadhi, zimebaki wiki tatu nirudi. Mjomba wangu anayeishi huku ananiambia nisipande ndege ya kurudi, niende kwake, mambo mengine yatajipanga. Na nikirudi, narudi na begi lile lile nililokuja nalo. Nitapitaje Mtaa wa Msimbazi mikono mitupu?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimuuliza: "Nyumbani umewaacha nani?" Akanyamaza kidogo, kisha akataja mama yake, bibi yake, baba yake anayepakua shehena bandarini, na wadogo zake wawili aliokuwa akiwasomesha Juzuu Amma. Alipofika kwa wale wadogo sauti ilimkatika.

Swali lile halikuwa langu. Nililitoa katika hadithi ya Malik bin Huwayrith (R.A.).

VIJANA WA SIKU ISHIRINI

Imepokewa na Bukhari kwamba Malik na vijana wenzake, wote wa rika moja, walikwenda Madina wakakaa kwa Mtume (S.A.W.) siku ishirini. Mtume alikuwa mpole na mwenye huruma. Alipoona kwamba wamewakumbuka watu wao, aliwauliza ni nani waliowaacha nyumbani. Walipomweleza, aliwaamuru warejee, wakae na jamaa zao na wawafundishe. Wasali kama walivyomwona yeye akisali. Wakati wa sala ukiingia mmoja wao aadhini, na mkubwa wao awe imamu.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, Mtume (S.A.W.) hakuwakemea kwa kukumbuka nyumbani. Kumlilia mama si utoto. Pili, siku ishirini zilitosha kuwafanya walimu wa watu wao. Hakuwataka wangoje mpaka wajue kila kitu. Tatu, na hili ndilo kubwa: hapakuwa na mji bora wa kusomea kuliko Madina wala mwalimu bora kuliko yeye, na bado aliwarejesha. Lau kama kipimo kingekuwa kubaki penye neema zaidi, nani angetoka Madina?

Maana hiyo imo pia katika Sura At-Tawba, aya ya 122. Humo Mwenyezi Mungu anataja kundi linalotoka kujifunza dini, na anataja pia kazi yao watakaporejea kwa watu wao, nayo ni kuwaonya.

MASHEKHE WETU WA PWANI

Hilo si jambo geni kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa tayari kadhi Unguja aliposafiri hadi Istanbul katika miaka ya 1880. Huko aliheshimiwa mpaka akatunukiwa nishani ya Sultani Abdul Hamid. Angeweza kubaki kwenye heshima ile. Alirejea Unguja, akahukumu na kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Sayyid Omar Abdallah, anayejulikana kama Mwinyi Baraka, alisoma Makerere na baadaye Uingereza, akarudi Unguja kusomesha katika Muslim Academy.

Zama zetu safari zimekuwa nyingi zaidi. Mpango wa YES, kwa mfano, ulianzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, baada ya matukio ya Septemba 2001, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Watanzania, wa Bara na wa Visiwani, wamekuwa miongoni mwao. Kijana hukaa na familia mwenyeji kwa mwaka wa masomo, husoma sekondari, hufanya kazi za kujitolea, kisha hurejea.

AHADI YA KUREJEA

Viza ya mwanafunzi wa kubadilishana ni ahadi. Kijana na mzazi hutia saini wakijua mwisho wake. Tena wale wanaogharamiwa na serikali kwa kawaida hutakiwa kukaa nchini kwao jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza fulani za kazi huko. Sura Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize ahadi, wala haikusema ahadi na Muislamu tu. Anayetoroka anaivunja amana, na anawafungia mlango wadogo zake watakaoomba nafasi kesho.

Baba yake yule kijana alipoelezwa maneno ya mjomba alisema: "Mzigo wa Dar ukishushwa bandari nyingine, utamfaa nani huku?"

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUONDOKA

1. Lipa madeni, hata ya dola moja, na rudisha vitabu na vitu vya watu.

2. Washukuru wenyeji wako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Waliokupikia chakula kisicho na nguruwe na kukuamsha kwa daku wanastahiki kushukuriwa kwa mdomo na kwa barua, japo si wa dini yako.

3. Omba radhi kwa uliyemkosea. Huenda msionane tena.

4. Usikope kwa ajili ya zawadi.

5. Wajulishe watu wako siku na saa ya kufika. Mtume (S.A.W.) hakupenda msafiri awazukie ahali zake usiku bila taarifa.

6. Ukifika, anza msikitini kwa rakaa mbili, kama alivyokuwa akifanya yeye. Uwe wa Kwa Mtoro, wa Manyema, au ule mdogo wa mtaani kwenu.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi, mwanao hakwenda kuchuma, alikwenda kusoma. Usimpokee kwa kulitazama begi. Jamaa wakiuliza "katuletea nini?", wewe ndiye wa kwanza kumkinga. Na akiwa mkimya wiki za mwanzo, au akisema "kule wao hufanya hivi", usiseme ameharibika. Mpe nafasi aeleze. Kisha mchuje pamoja, la kheri mlichukue, lisilotufaa mliache.

Kijana wetu alipanda ndege yake. Alishuka na begi lile lile, na ndani yake kanga moja ya mama yake aliyoondoka nayo. Jumamosi ya kwanza alikaa tena na wadogo zake, akakuta wamesahau nusu ya Sura An-Nabaa, wakaanza upya. Kule alizoea kujitolea na wenzake kila wiki. Hapa amekusanya wenzake watano, na kila Alhamisi wanasafisha mahali petu pa kutawadhia.

MASWALI

1. Mtume (S.A.W.) aliwauliza nini Malik na wenzake, na kwa nini?

2. Taja ahadi mbili anazozivunja mwanafunzi anayekataa kurejea.

3. Waulize wazazi wako: ukirejea kutoka safari ya masomo, wangependa uwaletee nini? Andika jibu lao, na lako.

Ewe Mola wetu, warejeshe salama wote walio safarini, na uifanye elimu yao iwe na manufaa kwao na kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.