Kufundisha Habari za Kutambuliwa kwa Dola Mpya: Mafunzo kutoka Kisiwa cha Mafia

Katika safari moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha, tulivuka kwa mashua kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, tukaketi nyuma ya darasa la saba katika shule moja ya msingi kisiwani Mafia. Mwanachuo wetu alikuwa ametundika ramani ya Tanzania, naye alikuwa akieleza mikoa. Msichana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, sisi ni kisiwa, na Unguja ni kisiwa. Mbona wao wana Rais wao na bendera yao, na sisi tuko Mkoa wa Pwani? Nani aliamua?"

Mwanachuo alimwambia aketi, kwa kuwa jambo hilo halimo katika somo la siku ile. Baada ya kipindi tulimsahihisha juu ya matumizi ya ubao na juu ya sauti yake. Swali la yule mtoto hatukuligusa. Usiku, tulipokuwa tukipitia andalio lake la somo, tulikiri nafsini mwetu kwamba tulinyamaza kwa sababu sisi wenyewe tusingeweza kulijibu kwa ukamilifu. Mwanachuo alikuwa amefanya hasa kile tulichomfundisha, yaani kulikimbia swali lisilo na jibu kitabuni.

Makala hii inakusudia kulipa deni hilo. Tunaonelea kwamba swali la mtoto yule ni swali la nani huamua kuwa nchi fulani ni nchi, na kwamba mwalimu wa Maarifa ya Jamii anaweza kulifundisha vema akiwa na maarifa ya kutosha na utaratibu unaofaa.

1. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Mkataba wa Montevideo uliotiwa saini Desemba 1933 ulitaja mambo manne yanayoifanya dola iwe dola: watu wanaokaa humo daima, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Mkataba huo ulikuwa wa nchi za Amerika, lakini vipimo vyake vimetumiwa na wanasheria duniani kote.

Hata hivyo, wataalamu wamegawanyika juu ya maana ya kutambuliwa. Wako wasemao kwamba dola yenye sifa hizo nne imekwisha kuwa dola, na kutambuliwa ni kukiri tu jambo lililopo. Wengine husema kwamba pasipo kutambuliwa na wenzake haiwezi kuhesabiwa kuwa dola.

Kwa watoto wa pwani mfano wa chombo unatosha. Mashua iliyoundwa vizuri huelea, iwe imeandikishwa au haikuandikishwa. Lakini isipoandikishwa, haipewi ruhusa bandarini, wala mwenye mzigo mkubwa hakubali kuipakia. Dola isiyotambuliwa ni kama chombo hicho: inaelea, lakini bandari nyingi zimefungwa mbele yake. Hati zake za kusafiria hukataliwa, haipati mikopo ya mashirika ya kimataifa, wala haina kiti katika Umoja wa Mataifa.

Mwalimu atofautishe pia kutambua dola na kutambua serikali. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963, ikaingia Umoja wa Mataifa mwezi huo huo. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yalibadili serikali, wala hayakuunda dola mpya. Ndiyo maana Uingereza na Marekani, zilizokawia hadi tarehe 23 Februari, 1964, zilikuwa zikisita kuitambua serikali, si nchi. Na Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili, 1964, viti viwili katika Umoja wa Mataifa vikawa kimoja, pasipo kuomba uanachama upya.

2. Mafia mezani pa wakubwa

Sasa tulirudie swali la mtoto. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar. Zilimtambua kuwa mwenye Unguja, Pemba, Lamu na Mafia, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Sultani Barghash hakushirikishwa katika kupima. Aliletewa vipimo avikubali. Huko bara alikodai kuwa na mamlaka hakutambuliwa.

Miaka minne baadaye utambuzi huo uligeuzwa. Katika mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890, Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Uingereza nayo iliahidi kumshawishi Sultani aiachie Ujerumani pwani ya bara iliyokuwa imekodishwa, pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani alilipwa fidia ya marki milioni 4. Wajerumani waliweka makao yao Chole, kisha mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni. Mwaka 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, wakakitumia kuishambulia manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Mwaka 1922 Mafia ikawekwa chini ya utawala wa Tanganyika.

Basi jibu ni hili: Mafia ilitengwa na Zanzibar mwaka 1890 kwa mapatano ya mataifa mawili ya Ulaya, na kwa sababu hiyo ilipata uhuru pamoja na Tanganyika tarehe 9 Desemba, 1961, miaka miwili kabla ya Zanzibar. Walioamua hawakumwuliza mtu yeyote wa Chole, Jibondo wala Kirongwe. Mtoto aliyeuliza "nani aliamua" alikuwa amegusa kiini cha jambo.

3. Mwaka 1964 na mwaka 1968

Mwalimu akifika hapo, mwanafunzi mwerevu atauliza: kama mipaka ilichorwa na wageni, kwa nini Afrika huru haikuifuta? Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo mwezi Julai, 1964 uliamua kwamba kila mwanachama ataiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Hoja hiyo ililetwa na Tanzania yenyewe. Sababu yake haikuwa kuisifu mipaka, bali hofu ya vita: kila nchi ikidai ilichonyang'anywa, hakuna jirani atakayelala.

Lakini tarehe 13 Aprili, 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria tarehe 30 Mei, 1967 chini ya Ojukwu. Mwaka 1966 maelfu ya Waibo walikuwa wameuawa kaskazini mwa Nigeria, na wengi zaidi walikimbilia mashariki. Vita vilipoanza, njaa ilifuata. Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba dola ipo kwa ajili ya watu wake. Watu wakikosa usalama ndani yake, na wakaikataa kwa sababu hiyo, umoja hauwezi kujengwa kwa bunduki. Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zilifuata mwezi Mei, 1968, na Haiti mwaka 1969. Nigeria ilivunja uhusiano na Tanzania. Nchi nyingi za Afrika zilishikilia msimamo wa Cairo, na mwezi Januari, 1970 Biafra ilisalimu amri.

Walimu wengi huruka sura hii, kwa kuona kwamba inaonyesha nchi yetu ikijipinga. Sisi tunaonelea kwamba ndiyo sura yenye kufundisha zaidi. Inaonyesha kanuni mbili, zote njema, zikigongana: kulinda mipaka ili kuzuia vita, na kulinda watu wasiangamizwe. Mtoto aliyefunzwa kwamba mambo ya nchi hayana mgongano, atakapokuwa mtu mzima atamwamini mtu wa kwanza atakayempa jibu jepesi.

4. Utaratibu wa somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Shabaha yake ni kwamba mwanafunzi aweze kutaja sifa nne za dola, kueleza kwa nini nchi hutambua au hukataa kutambua, na kueleza jinsi Mafia ilivyokuwa sehemu ya Tanganyika. Zana ni ramani ya Afrika na kadi nne za karatasi ngumu.

Hatua ya kwanza: Mwalimu aanze kwa mfano wa mashua, kisha aandike sifa nne ubaoni. Asiwaamrishe wanafunzi kuzikariri. Awaulize kama wilaya yao inazo zote. Wataona kwamba watu na eneo vipo, lakini uwezo wa kupeleka balozi haupo.

Hatua ya pili: Darasa ligawanywe vikundi vinne. Kila kikundi kipewe kadi yenye habari za mahali bila kutaja jina. Kadi ya kwanza iwe Katanga, iliyojitenga na Kongo Julai 1960 ikisaidiwa na Wabelgiji wenye maslahi katika madini, ikaisha Januari 1963 pasipo kutambuliwa na dola yoyote. Ya pili iwe Biafra. Ya tatu iwe Rhodesia, ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, 1965, na Baraza la Usalama likazitaka nchi zote zisiwatambue. Ya nne iwe Eritrea, iliyounganishwa na Ethiopia mwaka 1952, ikapigana miaka 30, ikapiga kura mwezi Aprili, 1993 kwa ridhaa ya serikali ya Ethiopia, na mwezi Mei mwaka huo huo ikaingia Umoja wa Mataifa. Kwenye kadi yaachwe yale yaliyotokea mwishoni. Kila kikundi kijadili: tuitambue au tusiitambue? Nani atafaidika, na nani ataumia?

Hatua ya tatu: Msemaji wa kila kikundi atoe uamuzi na sababu. Hapo ndipo mwalimu ataje majina, aonyeshe ramani na kueleza yaliyotukia. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba Rhodesia ilikuwa na serikali yenye nguvu lakini ilikataliwa kwa kuwa ilijengwa juu ya dhuluma, na kwamba ridhaa ya nchi ya zamani hufungua mlango, kama ilivyokuwa pia kwa Sudani Kusini mwaka 2011.

Hatua ya nne: Kipindi cha pili kitumike kwa habari za Mafia, kisha kila mwanafunzi aandike aya moja kujibu swali: "Nani aliamua?" Walio hodari wachunguze habari za Somaliland, iliyojitangaza mwaka 1991, ikakaa zaidi ya miaka 30 ikiwa na serikali na fedha yake pasipo kutambuliwa na mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa.

5. Tahadhari

Swali la Muungano litaulizwa. Mwalimu asimnyamazishe mtoto, wala asiligeuze darasa kuwa jukwaa la siasa. Aeleze yaliyo wazi: Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, ina Rais, serikali na Baraza la Wawakilishi kwa mambo yasiyo ya Muungano, na mataifa mengine huitambua dola moja, yaani Tanzania. Mtoto akisema anatamani iwe vingine, aombwe sababu, kama vikundi vilivyoombwa sababu.

Mwalimu asiogope pia kusema "sijui, nitatafuta". Kauli hiyo haimshushii mwalimu heshima. Linaloishusha ni kumwambia mtoto aketi.

6. Tulichokiona

Mwanachuo yule yule alilifundisha somo hili katika juma lake la mwisho kisiwani, nasi tulikuwapo. Mara ya kwanza alikosea saa: vikundi vilibishana hadi kengele ikalia, na kadi ya Eritrea haikusomwa. Tulimshauri aikamilishe siku iliyofuata, akafanya hivyo.

Msichana aliyeuliza alikuwa katika kikundi cha Biafra. Kikundi chake kiligawanyika nusu kwa nusu, naye akakataa kupiga kura hadi aambiwe kama watu wa kule walikuwa na chakula. Aya yake ilikuwa fupi. Aliandika kwamba waliotugawa walikuwa na karatasi, na sisi tulikuwa na kisiwa, na kwamba siku nyingine karatasi ikiandikwa, lazima awepo mtu wa kisiwani anayejua kusoma.

Tulimpa alama zote. Kisha tulimwita mwanachuo kando, tukamwomba radhi kwa ukaguzi wetu wa kwanza.