Hasara ya Beti na Ritani ya KRA
Maandiko: Matendo 5:1-11, Warumi 13:5-7, Luka 14:28

Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kujaza ritani, na kuna swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada: "Pasta, pesa nilizopoteza kwa beti, naweza kuzitoa kwa hesabu ya kodi?" Anayeuliza si mtu wa mbali. Ni mwenye mitumba Embu mjini, ni mtu wa miraa kule Maua, ni kijana wa boda pale Makutano, Meru. Tumjibu bila kumrushia mawe.

Jibu la sheria ni hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 15, inakubali utoe gharama zile tu zilizotumika kuleta mapato: pesa za kukodi duka, mshahara wa msaidizi, nauli ya mzigo. Kifungu cha 16 kinakataa matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, na beti iko upande huo. Na kama unalipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, ya biashara zinazouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hakuna gharama inayotolewa kabisa, hata ya kukodi duka.

Wengine wamesikia kwa jamaa walio Marekani kwamba huko hasara hutolewa. Ni kweli, lakini haizidi kile ulichoshinda, na kuanzia 2026 inahesabiwa asilimia 90 tu ya hasara. Aliyepoteza bila kushinda hapati kitu hata huko.

Kwetu serikali huchukua yake mlangoni. Tangu Julai 2025, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ukiweka pesa kwa akaunti ya kubeti zinakatwa asilimia 5, na ukizitoa zinakatwa asilimia 5 tena. Chukua kalamu. Weka 1,000, zinabaki 950. Sasa badilisha nia, toa zote bila kucheza hata mechi moja: unapata 902.50. Shilingi 97.50 zimeenda na Gor Mahia hawajaingia uwanjani! Hapo hatujataja Fuliza. Zamani ilikuwa asilimia 20 ya ushindi. Sasa hukatwa chochote unachotoa, hata kama ni pesa zako mwenyewe zinarudi. Hakuna anayekuuliza jana ulipoteza ngapi.

Basi mwingine anasema, sitaandika beti, nitaandika mzigo ulioharibika. Nyanya zilioza, miraa ilikauka. Hapa ndipo tunakutana na Anania. Soma polepole: Petro alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mikononi mwake. Hakulazimishwa kutoa zote. Kilichomwangusha ni hesabu: alileta sehemu, akaiwasilisha kama ndiyo yote. Safira naye alipoulizwa bei, alirudia hesabu ile ile. Nyanya za uongo kwenye iTax ni hesabu ya namna hiyo. Hata sheria ya nchi inatofautisha: aliyekosea bila kukusudia hutozwa asilimia 20 ya kodi iliyopungua, aliyedanganya kwa makusudi asilimia 75.

Kama ulishaijaza hivyo, iTax inakuruhusu kurekebisha ritani ndani ya miaka mitano. Rekebisha kabla hawajakuita.

Kwa wengi, lakini, shida kubwa iko nyumbani. Safira alijua, mama wa kwako hajui kwamba pesa za kurudisha mzigo zilienda Jumamosi, na karo inangojwa.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Luka 14:28. Kisha kila mmoja aombe taarifa yake ya M-Pesa ya miezi 3, ajumlishe zilizoenda kwa beti peke yake, na aandike jumla hiyo kwa karatasi. Wenye ndoa, fanyeni mkiwa wawili.