Uchovu Usifunge Mlango wa Upendo

Wapendwa wanandoa, katika somo letu la leo tutazame jambo dogo linaloharibu nyumba nyingi: ukali unaoletwa na uchovu.

Sisi tunaoishi Garissa twajua joto lilivyo. Jua likishawaka tangu asubuhi, ukifika jioni hata kusalimu ni kazi. Jioni moja nilirudi kwa baiskeli kutoka kufundisha wakatekumeni. Mke wangu alikuwa ameshinda kwenye foleni ya maji, na mtoto wetu alikuwa na homa. Aliniambia, "Baba watoto, tumpeleke mtoto zahanati." Nami nikamjibu kwa ukali, "Hata maji sijanywa!" Hakunijibu. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka peke yake, na giza linaingia. Nilipowafikia njiani, aliniambia neno moja tu: "Wakatekumeni wako ungewajibu hivyo?"

Wapendwa, neno hilo sijalisahau. Mchana kutwa nilikuwa mpole kwa watu wa nje, nikaleta nyumbani makombo. Nasi wanandoa wengi hufanya hivyo. Mteja sokoni hupewa tabasamu, mwenzi hupewa manung'uniko, kwa kuwa twajua hatakwenda popote.

Je, kuchoka ni dhambi? La. Injili ya Yohane, sura ya 4, yasema kwamba Yesu mwenyewe alichoka, akaketi kando ya kisima. Lakini alipofika mwanamke Msamaria hakumfukuza, bali alizungumza naye. Tena katika Marko, sura ya 6, aliwaita wanafunzi wake wakapumzike. Basi kupumzika ni haki, lakini kumwumiza mwenzako si mapumziko.

Huku kwetu Kaskazini Mashariki tumepata mfano. Annalena Tonelli, mlei Mkatoliki kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1969 akahudumu Wajir miaka mingi. Hakuwa sista. Aliwahudumia wafugaji wenye kifua kikuu, wengi wao Waislamu. Wafugaji huhama, na dawa ile isipomezwa mpaka mwisho ugonjwa hurudi. Kwa hiyo wagonjwa walikaa katika manyatta karibu naye kwa miezi, wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Aliuawa kwa risasi huko Borama, Somaliland, mwaka 2003, akiwa bado anahudumia wagonjwa.

Yeye hakuolewa, lakini kazi yake yatufundisha sisi tuliofunga ndoa. Mgonjwa haponi kwa kumeza dawa nyingi siku moja. Hupona kwa kumeza kidogo kila siku, hata siku asiyojisikia. Ndivyo ilivyo ndoa. Zawadi ya Krismasi haiponyi maneno makali ya mwaka mzima.

Basi tufanye nini?

1. Sema mapema. "Mama, leo nimechoka sana, nipe dakika kumi" ni bora kuliko kununa. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja.

2. Usishindane kuchoka. Aliyeshinda jikoni na watoto amechoka sawa na aliyeshinda kazini. Kabla ya kudai chakula, uliza, "Siku yako ilikuwaje?"

3. Tenda jambo moja dogo: mtekee mwenzako maji ya kuoga, au mpokee mtoto.

4. Ukikosea, omba msamaha kabla ya kulala. Mimi niliomba usiku ule, kando ya mtoto aliyekuwa amekwisha kupewa dawa ya malaria.

5. Ikiwa uchovu hauishi, punguzeni kazi, hata za kanisani. Jumuiya haitakufa ukikosa mkutano mmoja.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili: Ni saa ngapi ya siku tunaumizana zaidi? Ni neno gani la uchovu ambalo mwenzangu bado analikumbuka?

Zungumzeni leo jioni, kisha salini Baba Yetu pamoja. Mungu azibariki nyumba zenu.