Ruta ya Zamani Inaweza Kufanya Kazi Tena

Wengi wetu tumekwisha kuona wafinalisti wakisimama usiku chini ya dirisha la mwalimu mmoja, simu mkononi, hata mvua ikinyesha, juu ya kutafuta maulizo ya Egzamen ya Serikali ya miaka iliyopita. Ruta iko katika chumba cha mbele. Katika chumba cha nyuma, ambamo mwalimu aliwapa ruhusa ya kusomea, mawimbi hayafiki: kuta ni za matofali ya kuchoma, tena katikati kuna tangi la maji. Maji na chuma vinazuia mawimbi.

Sisi wa kilabu cha fizika tulikuwa na ruta ya zamani. Tulileta waya, tukachomeka tu. Nyumba nzima ikakosa mtandao siku mbili, na mwalimu hakuweza kutuma pointi. Alikasirika, na haki ilikuwa yake.

Kosa lilikuwa wapi? Kila mashini katika mtandao inapaswa kuwa na namba yake peke yake. Ruta ndiyo inagawa namba hizo. Kazi hiyo inaitwa DHCP. Zetu mbili zote zilijiita 192.168.1.1 na zote ziligawa. Ni sawa vile masekretere wawili wanaandika wanafunzi wapya, kila mmoja anaanza na namba 1 bila kuuliza mwenzake.

Basi tulianza upya. Kwanza tulibonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano, segonde kumi hivi, ruta isahau mambo yake ya zamani. Tukaiunga kwa ordinatere peke yake, tukabadilisha adresi yake kuwa 192.168.1.2 (tulihakikisha kwanza kwamba ile ya mbele haitampa mwingine namba hiyo). Tukazima DHCP. Jina na neno la siri tuliweka yaleyale ya ruta ya kwanza, na ulinzi WPA2, ili simu ipite toka chumba hata chumba bila kuandika tena. Ruta ya mbele iko kwenye kanali 1, hii tukaiweka 6, kwenye 2.4 GHz kanali 1, 6 na 11 hazigongani.

Waya unatoka tundu la LAN unaingia tundu la LAN. Ile ya WAN, yenye rangi nyingine mara nyingi, muiache! Waya usipite metre 100. Kuna ruta zinazorudia mawimbi bila waya, lakini mbio inapungua karibu nusu, kwani redio moja inapokea na kutuma.

Radi ikianza, chomoeni waya pamoja na kura. Na mjue, megabaiti haziongezeki: watu wakiwa wengi, zinaisha upesi zaidi. Kwa hiyo mwalimu anazima saa nne ya usiku. Wafinalisti sasa wanasoma ndani, wakikaa.