Unamjua, au unamuona msikitini tu?



Jirani yangu alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha. Kuna kijana ameleta posa kwa binti yake, akataka nimweleze tabia zake, maana tunaswali msikiti mmoja. Sikusita. "Mzee wangu, huyo ni kijana mwema, safu ya kwanza haimpiti." Mzee akaondoka ameridhika.

Usingizi ndio uliogoma. Nilikumbuka kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na mtu aliyejitokeza kumdhamini shahidi. Umar alimuuliza: Je, ni jirani yako, unajua kuingia na kutoka kwake? Umewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Kote alijibu hapana. Umar akamwambia, basi humjui. Katika baadhi ya mapokezi anaongeza kuwa huenda alimuona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa.

Mtu huyo ni mimi!

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaeleza katika Ihyaa kwamba khulka ni hali iliyokita ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi bila kufikiri. Anayetoa sadaka mara moja kwa kujilazimisha bado hajawa karimu. Ndiyo maana Umar aliuliza kuhusu mahali ambapo mtu hapati nafasi ya kujipanga. Msikitini sote tumejipanga, tena kwa mstari. Jirani hukusikia unavyomkaripia mkeo. Fedha huamsha tamaa. Na safari, kwa Kiarabu safar, wanazuoni wamesema imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Aliyewahi kulala njiani basi limeharibika hahitaji tafsiri.

Basi nikaenda kuuliza. Wengine watasema huko ni kusengenya. Hapana. Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) kuhusu waliomposa, alimweleza wazi kuwa mmoja ni fukara na mwingine fimbo haishuki begani mwake. Kuficha aibu katika posa ni kumtosa binti wa watu.

Mwenye duka alisema kijana hukopa, na mshahara ukichelewa huja mwenyewe kueleza kabla hajadaiwa. Wapangaji wenzake walisema hela ya umeme hutoa bila kufuatwa. Lakini aliyesafiri naye kwenda mazikoni alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ana hasira. Alimtukana kondakta mpaka tukaona haya." Kwangu mimi hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote, kwa kuwa ndoa ni safari ndefu.

Nilirudi kwa mzee. Nikamwambia ushahidi wangu wa awali naufuta, nikampa yote, mazuri na hilo la hasira. Akasikiliza, akasema atamwita kijana wazungumze uso kwa uso kabla ya kujibu posa. Halafu akaniangalia: "Na wewe bwana, mkeo akiulizwa juu yako atasema nini?"

Ghazali anataja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: sheikh, rafiki mkweli, ndimi za maadui na kuchanganyika na watu. Mimi nilianzia nyumbani. Usiku ule nilimuuliza mke wangu. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama kweli nataka jibu.