Hadhira Tendi na Hadhira Tuli: Tamasha la Muziki la Kenya kwa Jicho la Mkazi wa Matungu

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba wimbo wa jadi hauko katika maneno yake pekee. Una fanani, una hadhira, una mahali na una sababu ya kuimbwa. Aghalabu hoja hii hubaki darasani na kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Huko Matungu, eneo la Wawanga katika kaunti ya Kakamega, huonekana kwa macho kila mwaka msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya unapowadia.

Tamasha hili lilianza mwaka 1927, na katika miaka yake ya mwanzo lilitawaliwa na muziki wa Kizungu. Nyimbo za Kiafrika ziliingia baadaye na kupanuka hadi zikawa sehemu inayosubiriwa kwa hamu kuliko nyingine. Mashindano hupanda ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, na hatimaye taifa, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Waamuzi hutoa alama pamoja na maelezo mbele ya umati.

Mchukulie mama wa makamo wa Matungu ambaye kijijini kwao ndiye kiongozi wa nyimbo. Arusi ikifanyika, msiba ukitokea au mapacha wakizaliwa, sauti ya kwanza hutoka kwake. Mwalimu anayetafuta wimbo wa Kiwanga wa kupeleka mashindanoni hubisha hodi kwa mtu kama huyu. Naye huutoa bila choyo, kwa kuwa watakaouimba ni watoto wa majirani na pengine wajukuu wake mwenyewe.

Badiliko la kwanza huja pale mwalimu anapotazama saa. Arusini, wimbo wa mama huyu hauna mwisho uliopangwa. Wageni wakichelewa, huurefusha. Chakula kikiwa tayari, huukata. Katikati hupachika majina: baba ya bibi arusi, shangazi aliyesafiri kutoka mbali, mjomba tajiri aliyefika mikono mitupu. Kila jina huzua kicheko, kigelegele au noti inayotunzwa. Jukwaani wimbo una dakika chache tu, na kuzizidi ni kupoteza alama. Basi mwalimu huchagua beti tatu au nne, huyafunga majina yasibadilike, na watoto huyakariri. Kilichoachwa nje ni utungaji wa papo kwa papo, yaani kile kilichomfanya mama awe fanani na si mkumbukaji tu.

Nyimbo za mapacha hukatwa zaidi. Miongoni mwa Waluhya wengi, kuzaliwa kwa mapacha huruhusu maneno ya utani mzito, hata ya aibu, ambayo siku nyingine hayatamkwi mbele ya wakwe. Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha tukio. Hakuna mwalimu atakayemtuma mtoto wa miaka 11 kuyaimba mbele ya waamuzi, na haifai alaumiwe. Hata hivyo, wimbo unaosalia baada ya usafi huo hauna tena sababu ya kuimbwa kwa ajili ya mapacha.

Jambo la pili ni ngoma. Kwaya nyingi kutoka kaunti ya Kakamega huchezea isukuti, seti ya ngoma tatu zinazoitwa baba, mama na mtoto. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wanaoishi upande wa Shinyalu na Ikolomani, na mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha kama urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Mlio wake husisimua ukumbi, na anayetaka alama huifuata. Matokeo yake ni kwamba jamii moja ya Waluhya huanza kusimama badala ya zote, na mtoto wa Kiwanga anaweza kupanda jukwaani akidhani amebeba mali ya babu yake ilhali ameazima kwa jirani. Kuazima si kosa. Nyimbo zimeazimwa tangu zamani. Kosa ni kutomwambia mtoto.

Siku ya mashindano, mama huyu hupanda matatu hadi mjini Kakamega. Ukumbini hukuta nusu ya nafasi zimeshikwa na wanafunzi wa shule nyingine wanaosubiri zamu. Kiongozi wa kwaya anapotoa sauti, mwili wa mama hujibu kabla ya akili. Kijijini hakuna anayeusikiliza wimbo huu. Kila aliyepo huuitikia. Akiinuka, mwanafunzi aliyevaa beji humwomba kwa adabu aketi. Darasani hili huitwa kuhama kutoka hadhira tendi hadi hadhira tuli. Kwake ni kuambiwa anyamaze wimbo wake unapoimbwa.

Haifai kwa sababu hiyo kulipuuza tamasha. Watoto wengi wa Matungu hukua wakisikia muziki wa redio na simu, na bila mwalimu yule hodi isingebishwa kabisa. Isitoshe, jukwaa linaweza kuzaa sanaa yake lenyewe. Arthur Kemoli, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizipanga nyimbo za Waluhya kwa sauti za kwaya, na mipangilio yake ikavuka mipaka ya Kenya. Hakudai kuwa ndivyo zilivyoimbwa uani. Uwazi huo ndio unaokosekana pale wimbo uliopunguzwa unapotangazwa jukwaani kuwa wimbo wa jadi halisi.

Dhara kubwa zaidi haliko Kakamega bali kule wimbo unakorudi. Watoto waliopata cheti hurejea Matungu na toleo lao lenye beti nne. Katika arusi inayofuata, mama anapoanza kupachika majina, msichana wa kwaya humnong'oneza, "Kukhu, hapo umekosea, baada ya ubeti huo tunamaliza." Nakala imegeuka kipimo cha asili yake, na mwenye wimbo amekuwa mwanafunzi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti, hapa pana kazi inayohitaji nauli na subira kuliko vitabu. Wimbo mmoja urekodiwe mara tatu: uani kwa mama, kwenye mazoezi ya shule, na jukwaani. Maneno ya Kiwanga yaandikwe pamoja na tafsiri ya Kiswahili, lugha ambayo si ngeni huko, kwani misafara ya pwani ilikuwa ikifika kwa Nabongo Mumia kabla ya utawala wa Waingereza. Majina yaliyopachikwa yaandikwe yote, na kando ya kila jina ielezwe nani alicheka na kwa nini. Kisha rekodi ya uani ipelekwe shuleni ichezwe mbele ya kwaya, mama akiwepo, ili watoto wamwulize wenyewe kwa nini mjomba yule alitajwa.