Mamba Mkubwa wa Zamani

Watoto wa Kasongo na Kabambare wanamjua mamba wa Lualaba na Luama. Mwenye akili hutazama maji kwanza, ndipo huteka.

Zamani sana, miaka milioni 2 hadi 4 iliyopita, katika bonde la Turkana, nchi ya Kenya, aliishi mamba mkubwa kupita huyo. Urefu wake ulizidi mita 7. Alipokufa, matope yalifunika mifupa yake, na polepole ikageuka jiwe. Fuvu moja liliinuliwa na watu wanne!

Mifupa hiyo iliwekwa Nairobi, katika nyumba ya makumbusho. Mwaka 2012 wataalamu Christopher Brochu na Glenn Storrs walionyesha kwamba ni mamba wa aina ya peke yake.

Wazee wa kale wa wanadamu waliokaa huko walikuwa wafupi, wengine kama mtoto wa shule. Hata hivyo walishuka majini, kwani pasipo maji hakuna uzima.

Mamba yule amekwisha. Wa leo angali anaotea, ametulia kama gogo.

Maswali
1. Mifupa ya mamba yule iligeuka nini?
2. Kwa nini watu wa kale hawakuweza kuyaepuka maji?
3. Utafanya nini kabla ya kuteka maji?